Radhi Iliyotolewa Majini

Mabrouk wa Jambiani alikwenda kukagua reli, akafa askari, katika vita vya watu ambao mama yake, Bi Mwanaasha, hata nchi yao hajui iko upande gani. Mpaka leo ukimuuliza mwanawe alikuwa nani, atakwambia fundi wa reli. La uaskari halitaji kabisa.

Kisiwani kwetu hakuna treni. Mabrouk aliiona ya kwanza alipovuka kwenda Bara kutafuta kibarua, akapata kazi kwenye reli. Kutwa anatembea juu ya njia, anagonga chuma kwa nyundo, anasikiliza. Chuma kizima hulia, chenye ufa huguna. Akija likizo, masufuria ya mama yake hayakusalimika.

"Mama, hili lina ufa," anasema, anagonga kwa kijiko.

"Umekuja kunisalimu au kunikagua?"

Na kesho yake sufuria linavuja kweli.

Tena kijana huyu hakufanya jambo kubwa bila ya radhi ya mama. Hata pikipiki hakununua mpaka Bi Mwanaasha alipomwekea mkono kichwani na kusema, "Nimekuridhia." Kazi ya Bara ilipokwisha, wakala mmoja wa mjini akamtafutia nyengine, ya reli vilevile, katika nchi ya theluji. Bi Mwanaasha alimsindikiza mpaka bandarini, akamwekea mkono, akamridhia. Miezi mitatu picha zikawa zinakuja: Mabrouk kavaa makoti mawili, kasimama relini, nyundo mkononi, anacheka.

Siku ile simu ilipolia, Bi Mwanaasha alikuwa baharini kwenye shamba lake la mwani, maji yameanza kujaa na kamba mbili hajazifunga mbegu. Akaitoa simu kwenye mfuko wa nailoni aliouvaa shingoni.

"Mama, shikamoo. Wananihamisha kazi. Kuna karatasi wanataka niitie sahihi sasa hivi. Nshawambia siitii mpaka mama aniridhie."

"Marahaba. Kazi ya halali?"

"Wanasema ya serikali yao. Lakini mama, karatasi yenyewe..."

"Basi nimekuridhia, mwanangu, duniani na akhera. Maji yashanifika kiunoni, utanipigia baadaye."

Jirani yake Mwanakheir, aliyekuwa kamba ya pili, akaangua kicheko. "Shoga, huyo mwanao usiku wa harusi atatoka ndani aje kukuomba radhi!"

Wakacheka wanawake wote waliokuwa mwanini, na Bi Mwanaasha akacheka kuwashinda.

Baadaye yenyewe haikuja. Wiki ya kumi na moja akapiga Nadir, kijana wa Pemba aliyekuwa na Mabrouk kule.

"Mama Mabrouk, umekaa?"

"Nimekaa. Kuna nini?"

"Mabrouk hatunaye, mama."

Nadir akaeleza. Walivishwa magwanda, wakafundishwa bunduki wiki mbili, wakapelekwa kwenye mapigano kutengeneza reli iliyopigwa mabomu. Kikaja kidege kisicho na rubani. Mabrouk alikuwa kainamia chuma, anasikiliza, hakukisikia. Hata mwili wa kurudisha haukupatikana.

"Mlitia sahihi ya vita nyinyi?"

"Hatukujua kuisoma, mama. Sote tulitia siku ile. Yeye peke yake ndiye aliyegoma. Wakamfokea, akakaa juu ya begi lake. Ulipomjibu akainuka anacheka, akasema, 'Mama kasharidhia.'"

Simu ikamponyoka Bi Mwanaasha. Hakulia. Alibaki kakodoa macho, kanga imemwanguka begani, anasema lile lile: "Mimi nilidhani reli. Wallahi nilidhani reli."

Siku ya tatu wanawake walikusanyika ndani kwa Bi Mwanaasha kumsomea Mabrouk khitma. Katikati ya kisomo simu ya Mwanakheir ikalia. Mwanawe, Usi, yuko mjini, sokoni Darajani, na sauti yake ikatoka simuni wakaisikia wote.

"Mama, nipo kwa yule wakala aliyempeleka Mabrouk. Kaniapia sisi hatupelekwi vitani, ni reli tu. Kalamu nnayo mkononi. Niridhie basi."

Mwanakheir akafungua mdomo. Pengine angesema hapana. Pengine ulimi ungejiendea wenyewe kama ulivyozoea. Bi Mwanaasha hakungoja kujua, aliipokonya simu.

"Usi!"

"Naam, Bi Mwanaasha. Shikamoo."

"Nisomee hiyo karatasi."

"Siijui lugha yake, mama'ngu."

"Basi mama yako haridhii." Akamgeukia Mwanakheir. "Mwambie mwenyewe, akusikie."

Mwanakheir akaisogelea simu. "Siridhii, Usi. Siridhii, mwanangu."

Sauti ya mwanamume mwengine ikasikika, inamhimiza Usi atie sahihi.

"Weka kalamu chini," akasema Bi Mwanaasha. "Toka humo, na simu usiikate."

Aliibana simu sikioni kwa mikono miwili, akainama, anasikiliza. Hakuitoa mpaka alipowasikia wauza samaki wa Darajani wakinadi, na Usi katikati yao, anahema.