Koki ya Baba Mkubwa

Baba mkubwa Manho alipiga simu Ijumaa jioni, akasema kesho mchana anakuja, na akitia mkono kwenye sakafu ya chumba cha Bibi akaikuta bado baridi, anamfungashia virago na kuondoka naye kwenda kwake mjini Incheon, ghorofa ya kumi na tisa. Spika ilikuwa wazi, Bibi akasikia kila neno.

Aliendelea kufunga matofali yake ya soya iliyochemshwa na kupondwa kwa nyasi za mpunga. Hayo ndiyo yanayozaa mchuzi wetu wa mwaka mzima, na lazima yalale kwenye sakafu ya moto, chini ya blanketi, mpaka yaote ukungu. Sasa jamani, harufu ile ukaipeleke ghorofani, majirani watakuacha? Bibi alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena lilelile. Mimi nikasema moyoni: mtu haendi popote.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa chini ya sinki la jikoni, kichwa ndani ya kabati, simu nimeishika kwa meno inanimulikia. Humo ndimo mambo yote yalipo. Maji ya moto yanatoka kwenye boila, yanaingia kwenye bomba moja nene la shaba lililolala ukutani, na hapo yanagawanyika njia nne. Kila njia ina koki yake. Kila njia inaenda kujizungusha chini ya zege la chumba kimoja, inajikunja na kujikunja ili ipashe sakafu joto, halafu inarudisha maji yaliyopoa kwenye bomba nene la pili, chini yake. Jikoni, sebuleni, kwa Bibi, na chumba cha baba mkubwa. Babu aliandika majina ya vyumba kwa penseli kabla hajafariki, ila sasa hayasomeki hata kwa dawa.

Nikaanza na akili ya kila mtu: nikapandisha boila. Jikoni pakawa kama kikaango, kwa Bibi hata paka hapiti. Nikajua ni hewa imekwama. Mwisho wa bomba nene kuna kikoki kidogo cha kutolea hewa, nikakinga beseni, nikakifungua, kikapiga mluzi, kikatema maji meusi mpaka nikalowa kifua.

"Danbi," Bibi akaniita taratibu, "hilo beseni si la kabichi zangu?"

"Lilikuwa la kabichi, Bibi."

Akaniambia nitalisugua kwa chumvi mpaka vidole viote sugu. Sawa. Hewa ilitoka yote, lakini saa nne ilipofika sakafu yake bado ilikuwa baridi, na koki zote nne zilikuwa wazi mpaka mwisho.

Nikakaa chini nikatafuta video. Ya kwanza upuuzi, ya pili upuuzi, ya tatu ni mzee mmoja fundi anaongea kama amelazimishwa. Akasema maji ni mvivu. Ukiyaachia njia fupi na njia ndefu, yote yanakimbilia fupi. Chumba kikiwa baridi usihangaike na koki yake, nenda kabane koki ya chumba chenye joto kupita kiasi. Yaani nilirudia pale mara tatu, nywele zinanisimama.

Nikashika mabomba ya kurudisha maji, moja moja. La mwisho kulia, la baridi, hilo la Bibi. La pili kutoka kushoto liliniunguza kiganja. Nikavua soksi nikazunguka nyumba nzima. Jikoni moto, sebuleni vuguvugu. Nikafungua chumba cha baba mkubwa, ambacho hakijalaliwa na mtu tangu sikukuu ya mavuno. Joto likanipiga usoni. Godoro limekunjwa vizuri, mto juu yake, na sakafu ungeweza kukaangia yai.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hiyo koki usiiguse."

"Bibi, humu hakai mtu."

"Mwanangu anaweza kuja siku yoyote. Akute pa baridi?"

"Anakuja leo. Akikuta kwako ndiyo pa baridi, anakuchukua."

Bibi akaangalia ule mto. Kisha akasema ibanwe, ila isifungwe kabisa, na ataibana mwenyewe kwa mkono wake. Akapiga magoti, na magoti yenyewe yanamuuma, akaizungusha kidogo, akasita, akaongeza kidogo. Mimi nikabana ya jikoni na ya sebuleni nusu nusu.

Basi ikabaki kusubiri, na zege halina haraka na mtu. Kila dakika kumi nilishika bomba la Bibi. Saa tano, baridi. Saa tano na nusu, nikadhani najidanganya. Saa sita na robo likawa na joto la mkono wa mtu, nikakimbia kwenda kulaza shavu kwenye sakafu yake, kati ya matofali ya soya, nikabaki hapo nacheka peke yangu.

Baba mkubwa alifika saa saba. Hakuvua hata koti. Alienda moja kwa moja, akatia mkono chini ya blanketi, akausogeza ndani zaidi, akautoa. Akaenda kuweka begi chumbani kwake, akarudi.

"Mbona kwangu kumepoa? Siku zote huwa kama tanuri."

Bibi alinikata jicho nifunge mdomo. Sikufunga. Nilimwambia kwamba chumba chake kinawashwa kila siku akiwepo asiwepo, na ndicho kilichokuwa kinakunywa joto la mama yake.

"We mtoto una mdomo," Bibi akasema.

Baba mkubwa akaenda jikoni, na koti lake lilelile, akaingiza kichwa kabatini. Akaniuliza yake ni ipi. Nikamwambia ya pili kutoka kushoto. Akaizungusha kuifunga mpaka ikagoma.

"Manho, acha kidogo," Bibi akapaza sauti. "Utalala wapi?"

Alirudi, akavua soksi, akakaa pale kwa Bibi, akaanza kuyasogeza matofali ya soya apate nafasi. Bibi akamsukumia upande wenye moto zaidi. Yeye akamrudisha mama yake hapohapo penye moto. Wakasukumana hivyo mara mbili tatu, hakuna anayekubali.

"Haya yanaiva lini?" akauliza.

"Mwezi wa pili."

"Basi nitakuja mwezi wa pili nikusaidie kuyatia kwenye mitungi."

Bibi akasema mitungi ni mizito, aje na nguvu. Mimi nikaenda kusugua beseni.