Kijiko cha Mufuko wa Piloti

Miye Bibiane niko mufundi wa masufuria hapa Bunia, na ugonjwa wangu quartier nzima, mutaa wote, wanaujua: kuuliza. Mutu akipita na kuku, nitamuuliza ameitoa wapi. Mama yangu, Charlotte, anasema mudomo wangu hauna mulango. Acha aseme. Kuuliza si ujinga.

Ilikuwa wakati wa vita, watu wa Bogoro walipokuwa wanatufikia kwa miguu, vitu kichwani. Ilikuwa dimanche, siku ya kanisa, lakini njaa haijui dimanche, nami nilikuwa nimewasha makala ya kuyeyushia aluminiamu ya masufuria. Mama mumoja, jina lake Gracieuse, akatua mbele yangu kipande cha aluminiamu, kirefu kuliko mulango. Kwao kilikuwa cha kunyweshea mbuzi. Nikakigonga na nyundo, nikasikiliza. Hapana. Sufuria, piston, radiateur, sauti zao zote ninazijua. Hiki kilikuwa na misumari midogo midogo imepangwa kama mushono wa nguo.

"Mama, hii kitu iko nini?"

"Iko aluminiamu. Unanunua ao haununue?"

"Nitanunua namna gani kitu sijui kimetoka wapi?"

"Aka! Weye unayeyusha chuma ao unayeyusha habari?"

Nikacheka, nikamupenda palepale. Akaketi, akaniambia ni bawa la ndege. Ndege ndogo ya jeshi, ya kufundishia mapiloti. Ilianguka katika shamba la baba ya bwana yake mwaka soixante-neuf, ni kusema 1969, vita ya waasi wa Simba ikiwa imekwisha.

Nikaweka nyundo chini.

Baba yangu Lucien alikuwa anajifunza upiloti mwaka ule. Jeshi liliokota maiti moja tu, ya mwalimu wake. Juu ya baba wakaandika: ametoroka, amevuka Uganda. Miye nilikuwa ningali tumboni. Nimekua watoto wenzangu wakiniita mutoto wa mutoro, na nimepigana sana kwa sababu ya jina hilo. Lakini mama alilishika neno lile kwa mikono miwili, kwa kuwa mutu aliyetoroka anaweza kurudi. Hakufanya matanga. Kila dimanche anapakua sahani moja zaidi, ya baba, anaifunika, na magharibi tunaila siye wenyewe.

"Walikuwa wangapi ndani?" nikauliza.

"Wawili. Mumoja alibaki katika ndege. Wa pili alirushwa mbali, kwenye mihogo. Mvua ilikuwa inakuja, na kwetu mugeni akifia shambani kwako, haumuache mvua imunyeshee. Baba ya bwana yangu akamuzika mbio-mbio. Kesho yake askari wakafika, wanauliza nani amepiga ndege yao. Nani angewaambia, muje muone kaburi? Tukanyamaza."

"Miaka trente-quatre!" Nilipiga kelele mpaka majirani wakageuka. "Mulinyamaza miaka makumi tatu na ine! Munajua nani alikuwa anamungoja?"

Gracieuse akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kijiko cha aluminiamu.

"Hii ilikuwa katika mufuko yake. Muzee alikataa tuizike. Alisema siku moja mutu atakuja kuuliza. Vyombo vyangu vyote vya kulia nimeviacha Bogoro, hii nimekimbia nayo."

Nikakigeuza. Nyuma ya mukono wa kijiko kulikuwa na mistari mitatu, kama mguu wa kuku. Siye wafundi, kila mutu ana alama yake. Ile ilikuwa ya babu yangu, na miye ndiyo ninayotia chini ya kila sufuria mpaka leo. Babu alikuwa amemutengenezea mutoto wake, baba yangu, kijiko cha safari.

Yesu wangu! Kwa mara ya kwanza nilitamani nisingeuliza. Nikisema, mama atapata bwana asiyekuwa mutoro. Na atamupoteza saa ileile.

Nikamushika Gracieuse mukono, tukaingia nyumbani. Mama alikuwa anaifunika sahani. Nikamupa kijiko. Akapitisha kidole juu ya alama, mara moja, mara ya pili.

"Hakutoroka," nikasema.

"Kilikuwa wapi?"

"Katika mufuko ya kifua, mama," Gracieuse akajibu.

Mama akakishika kijiko kwa mikono miwili.

"Mulimuzika muzuri?"

"Nilikuwa bibi-arusi mupya. Tulimufunga na shuka ya ndoa yangu."

Mama akaifunua sahani: bugali, sombe ya majani ya mihogo na samaki wa Mahagi. Akaisukuma mbele ya Gracieuse, akaweka kijiko juu yake.

"Kula, dada. Hakuna tena mutu tunayemungoja."

Kisha akavua kitambaa cha kichwa, akaketi chini, akaanza kumulilia bwana yake kwa sauti, na majirani wakaanza kuingia.