Airisi za Uani kwa Mama Mkwe

Jana usiku niliota nimesimama getini kwa mama mkwe, hapa Tukuyu, mkononi nina chanuo langu jekundu lililovunjika meno mawili. Bafu lake liko uani, kwa hiyo mimi mkwe sikanyagi huko. Ndiyo maana maua ya kidimbwi chake cha huko uani nimeyachagua mara mbili kwa kukisia, na mara zote mbili yameoza. Ameshasema haya ya tatu yakioza, kazi anapewa Mwakalinga, mkwe mwenzangu, yule mwenye majivuno.

Kidimbwi kinatoka uani kunifuata. Ndani yake wamesimama airisi, maua niliyompa mke wangu juzi akayapande.

"Baba Lusajo," anasema wa mbele, ndevu zinachuruzika maji, "mfuko wetu uliandikwaje?"

"Sikusoma. Niliangalia picha."

"Airisi wenye ndevu hatukai majini. Tunaoza."

"Sasa ndevu mnafugia nini?"

"Tumezaliwa nazo."

Kabla sijajibu, tumo kinyozini. Airisi wa njano amekalia kiti, miguu ndani ya beseni, anasoma gazeti. Namuuliza kama kidimbwi kitamfaa.

"Kitanifaa sana. Ila mwakani nitataka na shamba la jirani."

Hapana, huyo hapana. Namgeukia wa zambarau, hana hata udevu mmoja.

"Mimi nataka maji ya vidole vinne, yasizidi," anasema. "Ya mama yanafika wapi?"

"Sijui."

"Mkwe gani hujui?"

"Mkwe mwenye heshima!" Nafoka mpaka kinyozi anazima mashine. Nimechoka jamani. Miaka sita naheshimu ua wa watu, leo maua yananihoji.

"Basi lete hilo chanuo, nikapime mwenyewe."

Analichukua na kuondoka, hata asante hakuna.

Nimeamka nimenuna. Chanuo halipo kwenye kioo, na mke wangu, Tusekile, anaapa hajaligusa. Simu ikaita. Mama mkwe.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Baba Lusajo, kuna chanuo jekundu limesimama katikati ya kidimbwi changu. Limevunjika meno mawili."

Nikakaa kitandani.

"Mama, maji yamefika jino la ngapi?"

Nikasikia ndala zake zikienda kidimbwini.

"La nne. Sasa na wewe niambie, baba: uani kwangu uliingia saa ngapi, kabla sijaoga au nikiwa naoga?"