Helmeti Iliyotiwa Moshi

Ukungu wa Kapkatet hauna haraka. Asubuhi hulala juu ya mashamba ya chai kama ng'ombe aliyeshiba, na ukimtazama mtu anayepita katikati yake utaona kichwa tu kinaelea, kana kwamba mwili ameuacha nyumbani. Ndani ya ukungu kama huo, Jumatano moja ya mwaka wa tisini na sita, Kogo Sellah alimfuata mjukuu wake Fancy kwenda kuchagua helmeti ya kurukia kutoka angani.

Jambo lenyewe lilianza kama mchezo. Waruka angani kutoka Nairobi walikuwa wameomba kile kiwanja kidogo cha ndege cha shamba kubwa la chai, wakae majuma mawili, na kwa shukrani wakasema watafundisha watu wanne wa hapa hapa. Fancy, karani wa kupima majani kwenye kituo cha wakulima, aliandika barua bila kumwambia mtu. Akachaguliwa. Basi kila jioni baada ya kazi alikuwa akienda kuruka kutoka juu ya meza na kubingirika kwenye nyasi, anarudi na matope mgongoni na macho yanayong'aa. Jumamosi wangepanda ndege. Jumapili ndege ingerudi Nairobi, na nani ajuaye kama ingeonekana tena upande huu?

Kogo hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alimlea Fancy tangu mama yake alipoolewa tena huko Mulot, akimbeba mgongoni huku akichuma chai, na alijua kwamba mtoto huyu ukimkataza kitu hununa kimya mwezi mzima. Alisema tu, "Tutaona." Sasa walimu wa kuruka walitaka kila mwanafunzi aje na mtu wa kwao, aone vyombo kwa macho yake, ndipo atie sahihi.

Njiani walikutana na jirani yao Marcella, kikapu cha majani mgongoni.

"Kogo wa Fancy, mnaenda wapi mapema hivi?"

"Kutafuta kofia."

"Ya kanisa?"

"Ya kuruka kutoka kwa ndege."

Marcella akasimama. "Hiyo ndege imeharibika?"

"Haijaharibika," Fancy akasema.

"Iko na mafuta?"

"Iko."

"Na dereva hajalewa. Sasa unaruka ya nini, mama? Si ukae ndani kama watu!"

Alicheka mpaka majani yakamwagika njiani. Fancy naye alicheka. Kogo aliinama akamwokotea majani yake, moja moja. Kisha Marcella akashika njia, na ukungu ukammeza akiwa bado anacheka.

Kwenye stoo ya kiwanja walimkuta Mwalimu Kinyua, mtu wa Nyeri aliyewahi kuwa askari wa parachuti, mwenye shingo fupi na sauti ya pole. Wanafunzi wale watatu wengine walikuwa wamechagua jana yake. Zilibaki helmeti nne, akazipanga juu ya turubai: moja ya fedha yenye kioo cha kufunika uso na picha ya tai ubavuni, moja ya ngozi laini, moja ya buluu, pana, na moja ndogo nyekundu iliyochakaa, yenye mikwaruzo kama ukuta uliokunwa na mbuzi.

Mkono wa Fancy ulikwenda kwa ile ya fedha bila kumwuliza mwenyewe.

"Hiyo inapendeza," Kinyua akasema, "lakini wewe ni mgeni wa hewa. Mgeni anataka kusikia redio tukimwambia vuta kushoto, vuta kulia. Anataka kuona pande zote. Chukua iliyo wazi usoni."

"Na hii ya ngozi?"

"Ni ya wazoefu. Ukigonga chini, ngozi itakupa pole tu. Ganda liwe gumu, ndani kuwe na sponji nzima, mkanda wa kidevu ufunguke kwa mkono mmoja. Ukishavaa, tikisa kichwa. Kichwa kikienda Kericho na helmeti ikabaki Bomet, weka chini."

Fancy akaivaa ya buluu. Alikuwa amesukwa rasta nyembamba, nyingi, zilizofungwa nyuma kama mganda, na helmeti ikapita juu yake vizuri ikakaa. Akatikisa kichwa. Vyote viwili vilikwenda Kericho, vikarudi pamoja.

"Naomba nishike," Kogo akasema.

Aliiinua karibu na sikio akaigonga kwa kifundo cha kidole, polepole, akizungusha. Hivyo ndivyo alivyochagua vibuyu vya maziwa sokoni tangu akiwa msichana, kwa maana kibuyu kizima hujibu kwa sauti moja, na chenye ufa hujibu kama mtu mwenye mafua. Ya buluu ilijibu vizuri. Ya nyekundu pia. Kisha, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshaanza, akaigonga ile ya fedha.

"Hii ni mgonjwa."

Kinyua akatabasamu. "Mama, hiyo ndiyo mpya kuliko zote."

Kogo hakubishana. Alisubiri tu, helmeti mkononi, kama mtu anayesubiri mvua ipungue. Mwishowe Kinyua akaichukua, akaibandua ile picha ya tai kwa ukucha. Chini ya bawa palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, unaoteremka hadi ukingoni.

Kinyua akaiweka nyuma ya mlango, mbali na zingine.

"Mama, haya umejifunzia wapi?"

"Kwa maziwa," Kogo akasema, akachukua kalamu akaandika jina lake taratibu, herufi baada ya herufi, kama alivyoonyeshwa darasa la tatu kabla hajatolewa shule.

Fancy aliambiwa aende na ile ya buluu nyumbani, aivae akifanya kazi, shingo izoee uzito. Jioni hiyo akakamua ng'ombe akiwa nayo kichwani. Ng'ombe aligeuka akamtazama kwa muda mrefu, kisha akaendelea kutafuna. Kogo, akiwa amekaa mlangoni, aliona kile kichwa cha buluu kimeegemea ubavu mweusi wa ng'ombe, na ikawa kama kipande cha mbingu kimeteremka kuomba maziwa. Aliangalia mpaka ndoo ikajaa.

Alhamisi Fancy alienda kituoni kupima majani, akaiacha helmeti juu ya meza. Kogo akaifunika. Akaifunua. Akainusa. Ilinuka jasho la watu asiowajua, vichwa vingi vya Nairobi, kimoja juu ya kingine.

Sasa nyumba ya Kogo ilikuwa na desturi yake, na ndiyo desturi ya nyumba zote za Wakipsigis wanaojiheshimu: chombo kitakachobeba kitu cha thamani hakitumiwi kabla ya kutiwa moshi. Unakata kijiti cha mti wa senetwet, unakichoma mpaka kiwe kaa, unakiingiza ndani ya sotet, kibuyu cha maziwa, kikiwa moto, unasugua. Harufu ya watu inatoka, ya nyumbani inaingia, na maziwa hukaa siku nyingi bila kuharibika. Kogo hakudhani helmeti ni kibuyu. Hakuwa mjinga. Alifikiri tu kwamba kule juu hakuna jirani, hakuna jiko, hakuna mti hata mmoja wa kumjua mtoto, na kwamba si vibaya akienda na harufu ya kwao kichwani.

Akakata kijiti. Akakichoma. Akaipakata helmeti magotini na kuanza, na moshi wa buluu ukapanda kutoka ndani yake, ukapotea darini. Mkono ulijua kazi, ukaachwa uifanye. Macho yakawa mazito. Akamwona Fancy akitembea juu ya ukungu kama mtu anayetembea juu ya ukingo wa kilima, viatu mkononi, wala hazami. Akamwita, na Fancy akageuka, na uso wake ulikuwa ule wa alipokuwa na miaka minne. Alikuwa karibu kusema neno.

Kisha Kogo akasikia harufu isiyo ya mti.

Sponji ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa unaosukumwa na kijiko. Upande mzima ulikuwa mweusi, umeyeyuka, umeacha ganda tupu.

Fancy aliporudi aliikuta mezani, na Kogo amekaa mbele yake, mikono mapajani.

"Kogo. Umefanya nini?"

"Nimeitia moshi."

"Hiyo ni helmeti! Si sotet!"

"Najua si sotet."

"Sasa kama unajua? Aki Kogo! Jumamosi ni kesho kutwa! Watu wote watasema nini, ati Fancy haruki kwa sababu kogo yake alimpikia helmeti?" Alikaa, akavua viatu, akavaa tena. Halafu akauliza polepole, na hilo ndilo lililouma: "Ulifanya makusudi?"

Kogo alikuwa mtu wa kukagua kitu kabla ya kukitoa.

"Mikono yangu haikukusudia," akasema mwishowe. "Lakini nilipoona imeungua, nilipumua. Nilipumua kama mtu aliyetua mzigo. Hiyo sitakuficha."

Fancy hakununa. Labda angenuna ingekuwa afadhali.

Asubuhi ya Ijumaa walirudi kiwanjani pamoja, Kogo ameibeba ile helmeti ndani ya leso kama mtu anayepeleka mtoto mgonjwa zahanati. Kinyua aliitazama ndani, akanusa, akamtazama Kogo.

"Mama, Jumatano ulinishangaza. Leo umenishangaza tena."

"Nisamehe, mwalimu. Kosa ni langu, si la mtoto."

Fancy akaonyesha ile laini kwa kidole. "Nimpatie ya ngozi?" Kinyua akajiuliza kwa sauti, kisha akajijibu. "Hapana. Siwezi." Akampa ile nyekundu.

Haikupita. Ilikaa juu ya rasta kama kuku juu ya kichaka. Fancy alipotikisa kichwa ikamwangukia usoni.

"Ni nzuri kuliko ile ya buluu," Kinyua akasema, "ila ni ya kichwa kitupu. Kwa hivyo ni nywele au ndege. Kesho saa tatu nitaikagua mwenyewe. Ikicheza hata kidogo, hupandi."

"Hizi rasta ni kama mia mbili! Zilisukwa siku mbili. Nani atazifumua zote leo?"

Kinyua akainua mabega. Fancy akageuka kumtazama Kogo, na Kogo alijua anaangaliwa ionekane kama atapumua tena au la.

"Twende nyumbani," akasema.

Fancy aliomba ruhusa kazini. Kogo akaweka kigoda mlangoni penye mwanga, akamkalisha kwenye ngozi ya kondoo katikati ya magoti yake, akachukua sindano ya gunia. Akaanza upande wa sikio la kushoto. Rasta moja. Ya pili. Kuna kazi zinazotaka nguvu na kuna zinazotaka mtu asiyekuwa na mahali pengine pa kwenda, na hii ilikuwa ya pili. Uzi wa rasta ulianguka mapajani, ukawa rundo. Ukungu ulikuja, ukachungulia, ukaenda. Walisikia lori la majani likipanda kilima, wakasikia likishuka.

Kila rasta ilipofunguka, kichwa kilirudi kidogo. Vidole vya Kogo vilikutana na mahali pale pa zamani: bonde dogo nyuma ya sikio, kovu la kuanguka kisimani, na utosi, ambao aliwahi kuuona ukipigapiga chini ya ngozi kama chura anayepumua. Siku zile hakuruhusu hata jua liuguse. Aliona ajabu kwamba mikono ile ile ndiyo sasa inaufungua ili upelekwe juu ya mawingu. Lakini haikusimama.

"Unalia, Kogo?"

"Nyamaza, usitikisike."

Jua lilipoegemea kilima, ya mwisho ilitoka. Kogo akazichana nywele, akazisuka mistari midogo iliyolala kabisa, kama mistari ya chai iliyopandwa na mtu mwenye subira. Fancy akavaa ile nyekundu, akafunga mkanda.

"Tikisa."

Akatikisa.

"Tena. Kwa nguvu."

Kichwa na helmeti vilikuwa kitu kimoja. Kogo akaishika kwa mikono miwili, akajaribu kuizungusha, ikakataa. Angeweza kusema "Tutaona." Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Nenda," akasema. "Nimekuruhusu. Nenda."

Jumamosi ukungu ulichelewa kuondoka, ukaondoka saa nne. Kinyua aliikagua ile nyekundu, akaivuta, akaigonga kwa kifundo cha kidole huku akimwangalia Kogo kwa pembe ya jicho, akaridhika. Ndege ikapanda, ikawa nzi, ikawa mlio tu. Kinyua alibaki chini na redio yake, Kogo kando yake.

Vidoa vinne vyeusi vikatoka angani, kimoja baada ya kingine. Kila kimoja kikachanua.

"Wangu ni yupi?"

"Wa tatu, mama."

Wa tatu hakuwa na haraka. Alining'inia pale kama kitu kilichosahauliwa, na dunia yote ikanyamaza, hata wachumaji walisimama na majani mkononi. Kinyua akasema kwenye redio, "Kushoto, Fancy. Kushoto zaidi." Upepo wa upande wa Litein ukamsukuma. Akapita juu ya kiwanja, akapita juu ya ua, akazama katikati ya chai. Helmeti nyekundu iligonga kisiki, mlio mmoja mkavu, kisha parachuti ikajilaza juu yake taratibu.

Kogo hakukimbia. Miaka yake haikuwa ya kukimbia. Alipita kati ya mistari, umande ukimlowesha mpaka kiunoni, akainua kile kitambaa kikubwa kama mtu anayefunua kitanda. Fancy alikuwa amelala chali, macho wazi.

"Umeumia?"

"Nimegonga kichwa."

Kogo akapiga magoti, akafungua mkanda kwa mkono mmoja, akaivua. Helmeti ilikuwa na mkwaruzo mpya, mweupe. Akapitisha vidole kichwani, mstari kwa mstari, mbele na nyuma, na hakukuwa na damu, hakukuwa na uvimbe. Kichwa kilikuwa kizima.

"Kule juu kuna nini?"

Fancy alifikiri. "Hakuna kitu, Kogo. Hakuna kitu kabisa." Akatabasamu, bado anaangalia juu. "Hata wewe ungepapenda."

Watu walikuwa wanakuja mbio kati ya chai, Kinyua mbele, wachumaji nyuma, wengine wakipiga vigelegele. Kogo Sellah akainua mkono kuwazuia.

"Ngojeni kidogo," akawaambia. "Bado hajafika."