Pingamizi la Mama Povu

Chama cha wenye viwanda hakikuwa na habari ya kura. Mwenyekiti aliuliza mara tatu kama kuna mwenye pingamizi. Wote wakinyamaza, jambo limepita. Akipinga mmoja tu, limekufa hapohapo. Mwenyekiti mwenyewe hakuruhusiwa kupinga, na ndiyo maana asubuhi ile alimvuta pembeni mdogo wake wa kike, mtengeneza sabuni ambaye wanachama wote walimwita Mama Povu.

"Nikiuliza, wewe sema unapinga. Neno moja tu, basi."

"Sawa, kaka."

Alijibu kwa mazoea. Lini aliwahi kumkatalia? Wazazi walipofariki, ni huyu kaka aliyemlea, akamsomesha, akamnunulia mashine yake ya kwanza ya kukorogea sabuni. Mtu wa namna hiyo humwambii "ngoja nifikirie."

Sasa alikuwa ukumbini, mwanachama mmoja, muuza vinywaji, akisoma tamko lililopendekezwa. Chama kiziombe serikali za dunia, zitakapokutana wiki ijayo kujadili mkataba wa dunia, ziweke sheria moja kwa nchi zote: vifungashio vya plastiki vya kutumia mara moja na kutupa viondolewe.

"Tunaomba kubanwa," muuza vinywaji alisema, watu wakacheka. "Chekeni tu. Lakini tubanwe wote! Nikibanwa peke yangu, jirani atanimaliza."

Mama Povu hakucheka. Yeye alishamalizwa. Mwaka uliopita aliacha vifuko vya plastiki, akauza sabuni kwa mitungi ya kujaziwa dukani. Wenzake wakaendelea na vifuko, maduka yakamkimbia, akaufyata na kurudi kulekule. Kisha mvua ikanyesha, mtaro wa nyuma ya kiwanda chake ukaziba. Vilivyouziba ni vifuko vyenye nembo yake mwenyewe, na maji machafu yakaingia hadi chumba cha kubadilishia nguo cha wafanyakazi. Aibu ile ilikuwa haijamtoka.

Na vifuko hivyo vilitoka kiwandani kwa kaka. Kiwanda hicho hakikutengeneza kitu kingine. Sheria ikija, mashine zake zote ni vyuma chakavu.

Mwenyekiti alisimama, akakohoa.

"Kuna mwenye pingamizi?"

Hakumtazama dada yake. Alikuwa na uhakika naye kama mtu alivyo na uhakika na mlango wa nyumba yake.

"Kuna mwenye pingamizi?"

Safari hii alimtazama. Mama Povu alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari kabisa, limefika kooni. Akalimeza. Akainamisha uso.

"Kuna mwenye... pingamizi?"

Sauti ilimkwama kidogo, na wachache walioijua sauti hiyo waligeuka. Mama Povu aliuma midomo. Alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na tamko na kaka na sabuni zake zote. Lakini hakusema.

Hapo mwenyekiti alipaswa kupiga meza, ishara kwamba jambo limepita. Hakupiga. Alifuta miwani, akaivaa, akaangaza ukumbi mzima kisha akamkazia macho mtu mmoja.

"Nauliza tena. Hakuna mwenye pingamizi kweli?"

Minong'ono ikaanza. Hakuna mwenyekiti aliyewahi kuuliza mara ya nne, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia. Mama Povu alisimama. Aliona uso wa kaka yake ukichangamka.

"Mwenyekiti," alisema, "umeshauliza mara tatu."

Kaka alibaki amesimama. Kisha akapiga meza kwa kiganja, polepole, na makofi yakalipuka ukumbi mzima.

Mama Povu alimkuta kaka yake nje, ndani ya gari, injini inanguruma. Walikuwa wamekuja pamoja.

"Ungeniambia tangu asubuhi," kaka alisema, macho mbele.

"Ungemtafuta mwingine."

Kaka alikubali. "Ningemtafuta."

"Kaka, nisamehe. Tutatafuta cha kufanya na zile mashine, mimi na wewe."

Mama Povu alifungua mlango wa mbele. Koti la kaka lilikuwa juu ya kiti, na mwenyewe hakulisogeza. Mama Povu alisubiri kidogo, akaurudisha mlango taratibu, akaenda kukaa nyuma.