Fizi za Dafroza

Mwanangu Dafroza alikuwa na miaka kumi na sita, na valvu moja ya moyo wake ilikuwa haifungi vizuri. Ilitokana na homa ya baridi yabisi aliyougua utotoni. Operesheni ilipangwa Agosti. Daktari alitoa sharti moja: kwanza fizi zitibiwe, maana zilitoa damu kila alipopiga mswaki. Vijidudu vya mdomoni, alisema, hupitia kwenye damu na kwenda kukaa moyoni.

Tukapewa tarehe ya kliniki ya meno, Njombe mjini. Magego mawili yangeng'olewa.

"Mama, nitaimbaje kwaya na mapengo?"

"Gego halionekani. Labda uimbe kama mamba."

Alicheka, lakini kwenda hakutaka.

Hapo ndipo nilipokosea. Nina diploma ya kilimo, nasimamia ubora kwenye kiwanda kidogo cha mafuta ya parachichi, Makambako. Kokwa tunazitupa kwa matoroli. Kwenye semina tulifundishwa kwamba kokwa ina antioksidanti nyingi, zile kemikali za mimea zinazokinga mwili usiharibike. Nikakausha kokwa, nikasaga, nikachemsha. Dafroza akasukutua asubuhi na jioni maji mekundu yanayokaza mdomo kama ndizi mbichi. Baada ya wiki mbili damu ikakata.

Nikapiga simu kliniki kufuta tarehe.

"Zimepona," nikasema.

"Nani amempima?" nesi akauliza.

"Mimi mama yake. Nimesoma."

Julai zikaanza homa. Njombe mwezi huo kila mtu anatetemeka, kwa hiyo nikamwongezea sweta. Siku ya tisa nikaona mistari midogo myeusi chini ya kucha zake, kama vibanzi. Nikampeleka hospitali. Daktari akabonyeza ufizi, usaha ukatoka. Dawa yangu ilikuwa imekaza nyama ya juu tu. Chini kulikuwa kumeoza, na vijidudu vilikuwa vimeshafika kwenye valvu.

"Mama, operesheni bado ipo?"

"Ipo."

Nilimdanganya. Alikufa Jumatano asubuhi, dripu ikiwa mkononi.

Kwetu, kabla ya jeneza kushushwa, husomwa wasifu wa marehemu. Wifi yangu Prisila alikuwa ameshauandika: aliugua kwa muda mfupi, Bwana akamwita.

"Andika fizi," nikamwambia.

"Wifi, nani anakufa kwa fizi? Watu watasema tulimlisha kitu."

"Nilimpa kitu. Lete kalamu."

"Utajiaibisha mbele ya mchungaji!"

"Mchungaji naye ana meno."

Akanitupia kalamu, akaenda kukaa na wapishi.

Niliusoma mwenyewe, pale makaburini Mjimwema, nimeishika karatasi kwa mikono miwili kwa sababu ya upepo. Kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, shule. Kisha fizi, kokwa, na simu niliyopiga kliniki. Wenzangu wanne wa kiwandani walikuwa mbele kabisa. Watatu kati yao niliwahi kuwagawia unga ule wa kokwa. Conjesta, mkubwa wao kwa umri, aliweka kiganja mdomoni na hakukitoa.

Mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti kwamba hawakusikia alichougua mtoto.

Prisila akanitazama. Nikapandisha macho kwenye karatasi, nikaanza tena kuanzia kwenye fizi.