Uso wa Mama Kiyono

Miezi mitano mama yangu, Kiyono, alikaa mkekani akichorwa na mke wangu, na miezi mitano nilisaga peke yangu soya za tofu tunayouza. Fusae alikuwa amechora maua na korongo miaka kumi na miwili, vile vile alivyofundishwa na Mwalimu Shunkei, na watu walinunua. Mwaka huu akaamua kuchora kikongwe halisi kwa maonyesho ya vuli ya Kyoto. Nani alimtuma?

Mwanafunzi hapeleki kazi maonyeshoni kabla mwalimu hajaipitia. Shunkei akaitazama, akashika brashi yake, akapaka rangi kwenye uso wa mama pichani mpaka mikunjo yote ikapotea. Fusae akainama, akashukuru. Nikadhani yamekwisha.

Mama alipoiona, alilia kwa furaha. "Afadhali kuna mtu aliyeniona! Huyu mke wako ananichora kama plamu ya chumvi iliyonyauka."

Kesho yake asubuhi nikamkuta Fusae amepiga magoti juu ya ile hariri ya picha, anafuta rangi ya mwalimu kwa maji ya uvuguvugu.

"Umerukwa na akili? Shunkei ni mwamuzi huko Kyoto! Akijua umefuta mkono wake, huna mwalimu, huna maonyesho!"

"Najua."

"Basi acha!"

"Ule uso ni wa kwake, Yasujiro. Anao mmoja tu, anawabandika wanawake wote. Hata mimi nimeubandika miaka yote hii."

Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyarudia. Nilikuwa nimechoka na hariri, na gundi ya rangi inayonuka jikoni, na wanawake wawili wasiosikia la mtu. Makelele yakamleta mama. Akaona.

"Mwizi we! Umenirudishia uzee wangu! Nimekukosea nini mimi?"

Mishipa ya shingo ikamtoka, macho yakawaka. Fusae hakuomba hata radhi. Alinyakua mkaa na karatasi, akaanza kuchora.

"Unaona, Yasujiro? Namtukana, naye ananichora!"

Nikachungulia begani kwa Fusae, tayari kumpokonya ule mkaa. Miezi mitano alikuwa ameyakosa macho, na sasa yalikuwa hapo, macho ya mama hasa, yaliyonitoa jasho tangu utotoni. Nikashindwa kunyoosha mkono.

Mama akaishiwa pumzi, akageuka aondoke, na mdomo wake ulikuwa bado haujachorwa.

"Mama, unakwenda wapi?" nikamwambia. "Na kile chungu chako cha miso alichokivunja Fusae mwaka juzi, mbona hujamsema?"